Kutembea na Watoto Cuckmere Haven na Seven Sisters: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika pwani ya Sussex, kusini mwa Uingereza, kati ya miji ya Seaford na Eastbourne, mto mdogo uitwao Cuckmere huingia baharini kupitia bonde la vinamasi, na kando ya mlango wake, uitwao Cuckmere Haven, ndipo yanapoanza magenge meupe ya chokaa ya Seven Sisters, yaani Dada Saba. Familia nyingi hufika hapo zikiwa na nia moja tu, nayo ni kupanda juu ya magenge. Mimi huwaongoza wazazi na watoto huko, na rai yangu ni tofauti: watoto wadogo watembezwe bondeni, na magenge yatazamwe kutoka mbali. Aliye juu ya genge halioni genge lenyewe. Huona nyasi, upepo humsukuma, naye hushinda akimshika mtoto mkono kwa hofu. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuifuata rai hiyo.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia maji

Kabla ya kuangalia utabiri wa mvua, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Newhaven, ambayo ndiyo iliyo karibu. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja anajua bamvua ni nini, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, lakini ajue pia kwamba hapa, siku za bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hufikia takribani mita 6, na ufukwe uliokuwa mpana saa chache zilizopita waweza kumezwa hadi kwenye miguu ya magenge. Panga kufika ufukweni saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, ili muda wote mtakaokuwa hapo maji yawe yanarudi nyuma au yametulia.

Majedwali mengi huchapishwa kwa saa za Greenwich, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa za Uingereza zinapokuwa zimesogezwa mbele, inabidi uongeze saa moja. Kisha mkubaliane nyumbani ni saa za namna gani mnazozitumia, kwa maana saa nne ya bibi na saa nne ya kwenye simu zimetofautiana kwa saa sita, na basi halingoji ufafanuzi.

Hatua ya 2: Vaeni na bebeni vinavyohitajika

Viatu viwe vyenye soli ya meno, kwani chokaa ikilowa huteleza vibaya. Vaeni suruali ndefu hata wakati wa joto, kwa sababu nyasi ndefu za bondeni zina kupe, na baadhi ya kupe wa Uingereza hubeba ugonjwa wa Lyme, ambao ni maambukizi ya bakteria. Mkirudi nyumbani, kagueni nyuma ya magoti, kwapani na nyuma ya masikio ya watoto. Koti la kuzuia upepo ni la lazima. Ufukweni hakuna duka, basi maji ya kunywa, chapati na matunda vitoke nyumbani.

Hatua ya 3: Fikeni Exceat

Mwanzo wa matembezi ni Exceat, kwenye barabara ya A259, ambako kuna kituo cha wageni cha Seven Sisters, vyoo na maegesho ya kulipia. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya South Downs. Wasio na gari wapande treni hadi Eastbourne, ambayo kutoka kituo cha London Victoria huchukua takribani saa moja na nusu, au wapitie Brighton, kisha wachukue basi la pwani linalounganisha miji hiyo miwili na kusimama hapo hapo Exceat. Hatari ya kwanza ya siku haiko baharini bali ni barabara hii, ambayo ina magari mengi yaendayo kasi. Ivukeni pamoja, mtoto mdogo akiwa amebebwa au ameshikwa.

Hatua ya 4: Shukeni bondeni polepole

Kutoka barabarani, njia tambarare huelekea baharini upande wa mashariki wa bonde, kwa umbali wa takribani kilomita 2. Sehemu yake kubwa ni ngumu na imesawazika kiasi kwamba mzazi mwenye kigari cha mtoto, au babu anayetumia mkongojo, hupita bila taabu hadi karibu na ufukwe. Mtu mzima huimaliza kwa nusu saa. Pamoja na watoto tengeni saa moja au zaidi, wala msiwaharakishe, kwa sababu hapa ndipo penye mengi ya kuona.

Mkono wa kulia mtaona maji yaliyojikunja huku na huko katikati ya majani. Huo ndio mkondo wa zamani wa Cuckmere. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji ulionyooka upande wa magharibi ili kuyapeleka maji baharini haraka na kupunguza mafuriko ya mashamba, na tangu hapo mizunguko hii imebaki na maji yaliyotulia, ilhali mto wenyewe hupita kwenye mfereji uliozungushiwa matuta. Mweleze mtoto jambo hilo mkiwa mmesimama mahali panapoonekana vyote viwili, naye ataelewa kwa macho.

Karibu na bahari maji ya chumvi huingia ardhini, na mimea hubadilika kuwa mifupi na yenye majani manene yanayohifadhi maji. Humo hutembea yangeyange weupe, korongo, na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, wakitafuta minyoo na kaa kwenye matope. Mbayuwayu hufika majira ya kuchipua na kuondoka kuelekea kusini mwa Afrika kabla ya baridi, jambo ambalo watoto wenye ndugu barani humo hulipokea kwa furaha ya pekee. Pitisheni darubini moja kwa zamu.

Sheria ya bondeni ni moja: hakuna anayeacha njia kuingia matopeni. Tope la kinamasi huonekana gumu kwa juu, lakini humshika mtoto hadi magotini, na anayejaribu kumtoa huzama naye. Kondoo hulishwa eneo hili, kwa hiyo malango yafungwe na mbwa wafungwe kamba.

Hatua ya 5: Ufukweni, kaeni katikati

Ufukwe ni wa kokoto, nyingi zikiwa vipande vya gumegume, jiwe gumu sana, vilivyotoka ndani ya chokaa na kulainishwa na mawimbi. Chokaa yenyewe ilitokana na maganda ya viumbe wadogo mno waliotuama chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Waacheni watoto waokote, watazame na kurudisha.

Upande wa kushoto huinuka Haven Brow, kilima cha kwanza na kirefu kuliko vyote saba, chenye mita 77. Msikae chini yake hata kama pana kivuli na hapavumi upepo. Vipande vya chokaa huanguka bila onyo, majira yote, na hutawanyika mbali na ukuta. Msifuate ufukwe kuelekea Birling Gap, mwanya wa magenge ulio upande wa mashariki, pia, kwa kuwa kati ya hapo na Birling Gap hakuna njia ya kupanda, na maji yakijaa mtakwama kati ya bahari na ukuta.

Upande wa kulia mtaona nyumba ndogo ng'ambo ya mto, zikionekana karibu sana. Msijaribu kuvuka. Mkondo wa mlango wa mto una nguvu hata maji yanapokuwa haba, na daraja pekee liko Exceat mlikotoka. Likitokea jambo lolote la hatari, pigeni 999 na muombe walinzi wa pwani.

Hatua ya 6: Kupanda Haven Brow, kwa wanaoweza

Familia yenye watoto wakubwa wanaosikia neno mara ya kwanza inaweza kuongeza mpando wa Haven Brow kwa kufuata njia ya South Downs Way. Tembeeni upande wa bara, na pasiwepo anayekaribia ukingo kwa chini ya hatua kumi za mtu mzima, kwa sababu mara nyingi nyasi za ukingoni zimening'inia juu ya hewa tupu, nanyi hamwezi kulijua hilo mkiwa juu. Picha zipigwe mkiwa mmeketi. Mbele, upande wa mashariki, huonekana mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout. Mwaka 1999 jengo hilo zima lilisogezwa mita 17 kuelekea bara kwa sababu genge lilikuwa limeliwa hadi karibu na msingi wake. Upepo ukiwa mkali, acheni hatua hii.

Hatua ya 7: Tazameni magenge yote kwa pamoja

Mandhari iliyo kwenye kadi za posta haipatikani upande huu bali ng'ambo, kwenye hifadhi ya Seaford Head. Kwa gari, zungukeni hadi maegesho ya South Hill Barn nje kidogo ya Seaford, kisha mteremke kwa miguu kuelekea zile nyumba ndogo mlizoziona, mkikaa mbali na ukingo wa upande huo pia, maana nao ni wa chokaa ile ile. Kwa watoto wadogo afadhali iwe safari ya siku nyingine. Kutoka hapo hutazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huwa mbele yenu na magenge huonekana ya kijivu. Nendeni alasiri, jua likiwa mgongoni, lakini katika miezi ya Desemba na Januari muwe mmeanza kurudi kufikia saa tisa alasiri, kwani jua huzama mapema na njia hiyo haina taa.