Miwani ya jua ipime kwa kalkuleta

Nyie mnaonunua miwani ya jua sokoni Darajani, Unguja, kioo kuwa cheusi tii si kitu. Miye yangu ilikuwa nyeusi hasa, naenda nayo Jambiani maji yakipwa, nachungulia mashimo ya pweza sioni ila mng'aro tu, bibi yangu macho matupu ananipita na ndoo imejaa (na ananicheka). Siku moja nkaazima ya nahodha, ya polaraizi, wallahi bahari ikafunguka, mwamba, majani, mpaka pweza kajibanza naona, kumbe ule mwanga unaopigwa na maji ukakurudia huwa mwingi wake umelala (yaani mtikisiko wake unakwenda ubavu-ubavu, si juu-chini), na kile kioo kinazuia uliolala kinapitisha uliosimama.

Sasa kupima kama ni ya polaraizi kweli: muombe muuzaji kalkuleta yake, itazame kupitia kioo kimoja, halafu zungusha miwani polepole kama usukani. Skrini ikigeuka nyeusi pembe fulani, namba huzioni tena, chukua. Isipobadilika hata ukizungusha vipi, hiyo rangi tu. Simu usiitegemee sana, nyingine hazizimi vizuri hata miwani ikiwa ya kweli. Na usipimie kwa kibandiko kilichoandikwa polaraizi, kibandiko kinabandikwa popote.