Mkataba wa mshauri wa ujenzi California: usije ukageuka mkandarasi bila kujua

Wiki iliyopita nilikaa na kijana mmoja hapa Oakland tukiandika mkataba wake wa kwanza. Usimamizi wa ujenzi alisomea Dar, ana jicho kali, na Watanzania na Wakenya wa huku humpigia simu kila mtu akitaka kubomoa jiko au bafu. Alikuja na mkataba wa kurasa kumi na moja aliopakua mtandaoni. Tuliutupa, tukaandika wa kurasa mbili. Mimi si wakili, ni mtu aliyewahi kuungua. Haya yote ni ya California peke yake. Aliyeko Texas, ambako jimbo halitoi leseni kwa mkandarasi mkuu wa majengo, asiyanakili.

Hatua ya 1: Mteja ni nani?
Mwenye nyumba, au kampuni? Kama ni kampuni, soma pia hatua ya 4.

Hatua ya 2: Andika kazi yako kwa vitenzi
Hapa ndipo nilipopoteza pesa, kwa hiyo nivumilie.

Wengi tunadhani leseni ya ukandarasi ni ya anayeshika nyundo. Sivyo. Kifungu cha 7026.1 cha Kanuni ya Biashara na Taaluma ya California kinamtaja mshauri waziwazi, hasa yule anayemsaidia mwenye nyumba anayejijengea mwenyewe. Ukitoa au kusimamia zabuni ya mradi wa ujenzi, umeingia kwenye ukandarasi. Ukiwapangia makandarasi ratiba na kuendelea kuusimamia mradi, umeingia pia. Kadi yako ya biashara ikisema "mshauri", haikusaidii kitu.

Sasa tazama sisi tulivyo. Unaanza vizuri, unakagua ramani, unamwambia mteja bei ya vigae imezidi. Wiki ya pili simu inalia: "Kaka, si unawajua mafundi wewe? Waambie tu waje Jumatatu." Nawe kwa undugu unawaambia. Jumatano anakuja fundi bomba, Ijumaa wa umeme, na ratiba iko kwenye simu yako. Mkataba wangu ulisema "kusimamia ukarabati hadi mwisho". Maneno manne tu. Tulipogombana na mteja juu ya rangi ya makabati, akakataa kunilipa dola 4,000 zilizobaki, na wakili niliyemwendea akaniambia nishukuru hajadai na zile alizokwisha kunilipa. Kifungu cha 7031 ndivyo kinavyosema: aliyefanya kazi inayotaka leseni bila kuwa nayo hawezi kudai malipo mahakamani, na mteja anaweza kudai arudishiwe chote alichotoa. Hata kama alijua tangu mwanzo kwamba huna leseni. Hata kama kazi ni safi.

Kwa hiyo vitenzi vinavyoruhusiwa kwenye mkataba wako ni: kukagua, kueleza, kulinganisha, kushauri, kuandika ripoti. Vilivyopigwa marufuku: kusimamia, kuratibu, kuajiri, kupanga ratiba, kukusanya zabuni. Kisha ongeza sentensi hii: "Mwenye nyumba ndiye atakayechagua makandarasi, kuingia nao mkataba, kuwapangia siku za kazi na kuwalipa moja kwa moja." Halafu uiishi. Mkataba mzuri hautakuokoa kama ujumbe wako wa WhatsApp unasema "Juma njoo saa mbili na bomba".

Usikimbilie pia msamaha wa kazi ndogo zisizohitaji leseni. Tangu tarehe 1 Januari 2025 kiwango kimepanda kutoka dola 500 hadi 1,000, lakini ni bei yote, kazi pamoja na vifaa, na kazi isiyohitaji kibali wala msaidizi wa kuajiriwa. Kuikata kazi ya dola 3,000 vipande vinne hakukubaliki.

Kama kusimamia ndiko unakokutaka hasa, katafute leseni: uzoefu wa miaka minne ndani ya kumi iliyopita, mitihani, na dhamana ya dola 25,000 (hulipi zote, unailipia ada kwa kampuni ya dhamana). Asiye na namba ya Social Security anaweza kuomba kwa ITIN (namba ya kulipia kodi). Kijana wangu hakulijua hilo, na alikuwa amekata tamaa bure.

Hatua ya 3: Pesa
Tangu 2025 California ina sheria ya kuwalinda wafanyakazi huru. Haimgusi mtu binafsi anayekuajiri kwa ajili ya nyumba yake, ila orodha yake ni nzuri, nami huiazima: majina na anwani za pande zote mbili, huduma moja moja, kiasi, namna na tarehe ya kulipwa. Usiandike "baada ya kazi kwisha". Andika tarehe. Mimi hulipwa kwa ripoti, kamwe si kwa asilimia ya gharama za ujenzi, maana asilimia inanukia ukandarasi.

Kwenye ripoti ya kwanza mweleze mteja kwamba mkandarasi wa ukarabati wa nyumba haruhusiwi kuchukua malipo ya awali yanayozidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei, ile iliyo ndogo. Namba ya leseni aikague bure kwenye tovuti ya CSLB, bodi ya jimbo inayotoa leseni za makandarasi.

Hatua ya 4: Kampuni ikikuajiri
Kuna kipimo cha ABC, masharti matatu ya kuamua kama wewe ni mfanyakazi huru au mwajiriwa wa kampuni. Sharti B ndilo mtego: kazi yako iwe nje ya shughuli za kawaida za kampuni. Kampuni ya ujenzi ikimwita mshauri wa ujenzi, hapo pana utata, na mkataba pekee hauutatui. Hapo ndipo ninapomlipa wakili saa moja.

Hatua ya 5: Sahihi
PDF, sahihi mbili, tarehe, kabla ya ziara ya kwanza. Mteja akiomba nyongeza katikati ya kazi, andika ukurasa mpya, na nyote wawili mtie sahihi tena. Kijana aliniuliza kama ujumbe wa sauti unatosha. Nikamwonyesha wangu, ule wa makabati.