Kujitolea kwenye kituo cha sanaa: anza na Jumamosi moja

Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nafunga kibanda, nachukua mkasi na kopo la vifungo, nakwenda kwenye kituo kidogo cha sanaa cha watoto, vichochoro viwili kutoka pwani. Saa sita narudi kwenye cherehani yangu. Huu ni mwaka wa saba. Vijana waliomaliza kidato cha nne na akina mama wenzangu huniuliza kama na wao wanaweza kuja kusaidia. Wanaweza, na haya ndiyo ninayowaambia.

Usiseme mji huu una chuo, kwa hiyo kazi imeshafanyika. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na sasa ndicho TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Pale watu wanasomea usanii uwe kazi yao. Mtoto wa darasa la tatu anayetaka kushika brashi baada ya shule anahitaji ua wa jirani, mtu mzima anayemjua mama yake, na mlango unaofunguliwa siku ileile kila wiki. Kituo cha mtaani kipo kwa ajili hiyo, na kinasimama kwa watu wa kujitolea.

Siku ya kwanza nenda ukakae tu. Amkia wakubwa, ukaribishwe, utazame. Nani anafagia? Maji yanatoka wapi? Watoto wadogo wanaachwa na nani wakati wakubwa wanapiga ngoma? Sanaa ya hapa imezoea kupita mkono kwa mkono uani. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha chuoni hapa na kufariki mwaka 2003, aliacha ukoo mzima unaopiga zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Anayeingia ua wa namna hiyo huketi kwanza.

Ukishatazama, uliza: "Jumamosi mnasumbuka na nini?" Usianze na kipaji chako. Mimi nilikwenda nikiwa na mawazo ya kufundisha wasichana kushona. Mama anayesimamia kituo akanionyesha rundo la sketi za ngoma zilizochanika viunoni, mipira imelegea, watoto wanacheza huku wamezishika kwa mkono mmoja. Nikaanza na sketi nne. Darasa la kushona lilikuja mwaka wa pili, na liliombwa na watoto wenyewe.

Halafu ahidi kidogo. Hili nalisema kwa uchungu. Kijana mmoja alikuja na moyo mkubwa, akasema atafundisha ufinyanzi kila wiki. Alikuja Jumamosi tatu. Ya nne watoto walikuwa wameshachimba udongo, wameuponda, wameufunika kwa gunia bichi, wakakaa mlangoni mpaka adhuhuri. Hakutokea, wala hakutuma ujumbe. Kuna mtoto wa kiume hakurudi tena kituoni. Kwa hiyo kama una Jumamosi moja tu kwa mwezi, sema moja, na siku hiyo uje hata kama mvua inanyesha. Ukishindwa, piga simu jana yake.

Kuhusu karatasi: beba barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa wako, na namba ya ndugu wa karibu. Kituo kisipokuuliza, itoe mwenyewe. Kwa watoto tuna kanuni ambazo hazijadiliwi: wakubwa wawe wawili muda wote, mlango wa darasa uwe wazi, na hakuna kupiga picha ya mtoto bila mzazi kukubali. Rafiki yako wa nje ya nchi akitaka kujitolea, afuate kibali cha ukaazi daraja C kabla ya kuanza, maana kujitolea nako kunahesabiwa.

Sasa rangi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama wakidhani lazima pawe na mfadhili. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za bei nafuu na vibao vya kujengea. Sisi kwa watoto wadogo tunapika rangi wenyewe. Chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo, koroga na maji baridi kidogo, kisha mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka na usiache kukoroga. Ukiona uji umekuwa kama kioo na unang'ang'ania mwiko, epua. Gawa kwenye vikopo. Kimoja tia mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kanga kuukuu, kingine udongo mwekundu, kingine manjano ya jikoni. Mkaa usipochekechwa vizuri unakwaruza, na mtoto ataona mstari wake umekatika akadhani kosa ni lake. Rangi hii haifiki siku ya tatu, inachacha, basi pika ya siku hiyo tu. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Karatasi ni maboksi ya dukani. Mwombe mwenye duka siku ya Ijumaa kabla hayajachomwa.

Kazi nyingine inayohitaji mikono ni kuwamba ngoma. Usije na kucha ndefu. Ngozi ya mbuzi inalowekwa usiku kucha. Asubuhi inatandazwa juu ya mzinga, na watu wawili wanaokabiliana wanaivuta wakati mzee anapigilia vigingi. Mara ya kwanza nilivuta kwa nguvu zangu zote. Mzee akaweka nyundo chini, akasema, "Mwanangu, mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hapa mko wawili. Mtazame mwenzio." Nilipotazama nikaona ngozi imekuja kwangu vidole vitatu zaidi. Ngoma iliyovutwa upande mmoja hulia sauti mbili, na haitengenezeki mpaka ing'olewe. Ikishawambwa, ikauke kivulini. Jua kali huipasua.

Hewa ya pwani hulegeza ngozi, hivyo kabla ya kupiga inapashwa. Tunawasha makuti makavu mawili matatu, ngoma inainamishwa na kuzungushwa polepole. Weka kiganja chako kati ya moto na ngozi: mkono ukishindwa kuvumilia, na ngozi nayo iko karibu mno. Gonga katikati, gonga ukingoni, sikiliza. Watoto wakae upande unakotoka upepo, na mtu mmoja kazi yake iwe kuwalinda tu. Hiyo ni nafasi nzuri kwa mgeni ambaye bado hajui chochote.

Jumatano jioni akina mama husuka ukili, ile mikanda inayoshonwa kuwa mkeka. Bibi anayefundisha macho yamepungua nguvu, anahitaji mtu wa kumchambulia miyaa, majani ya kusukia, na kuitia rangi. Wasichana wawili wa sekondari wanafanya hivyo, na mmoja ameshaanza kuuza mikeka.

Wakati wa tamasha la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982, mji unajaa na watoto wetu hualikwa kucheza hapa na pale. Siku hizo usiombe kukaa mbele. Tunahitaji wa kupiga pasi, kubeba maji, kuhesabu watoto wakitoka na wakirudi. Mimi nahesabu kwa vifungo: kila mtoto ana kifungo chake kwenye kopo langu, akirudi anakichukua. Vikibaki vifungo viwili, najua tunatafuta wawili.

Fedha ziongelewe siku ya kwanza, bila haya. Kituo chetu hakilipi, ila anayetoka mbali hupewa nauli na chai ipo. Kama huwezi bila nauli, sema. Kunyamaza kisha kupotea kunaumiza zaidi kuliko kuomba.

Ukimaliza siku yako, vijiti vyenye rangi vitupwe, vikopo vioshwe kwa mchanga na maji, nguo za ngoma zianikwe ndani nje kabla hazijakunjwa, maana jasho hula rangi ya kitenge. Andika kwenye daftari la mlangoni nini kimeisha. Kisha funga, na ufunguo umpelekee mama wa chapati, mlango wa pili kushoto. Yeye hufunga biashara saa saba.