Patografu Hujazwa Kando ya Kitanda cha Mama

Mwongozo huu ni kwa wakunga wanaoanza kazi na wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo. Patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) nyingi hujazwa mtoto akishazaliwa, ili faili lionekane limekamilika. Karatasi ya namna hiyo haijamsaidia mama yeyote. Andika palepale unapopima.

Hatua ya 1: Mpokee

Jitambulishe, kisha muulize uchungu ulianza saa ngapi, kama chupa imepasuka, kama ametokwa na damu na kama mtoto anacheza. Soma kadi ya kliniki: mimba ya ngapi, kama ana kovu la upasuaji, wingi wa damu, presha. Akiwa anatokwa na damu nyingi, usimpime njia ya uzazi kabla haijajulikana kondo limekaa wapi. Ita daktari.

Hatua ya 2: Tumbo

Aende haja ndogo kwanza. Shika tumbo ujue mtoto kalala vipi, kisha pima kichwa kwa vidole juu ya mfupa wa kinena: vikienea vitano ni 5/5, viwili ni 2/5.

Sasa weka kiganja sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi, tazama saa yenye mshale wa sekunde, dakika 10 kamili. Tumbo hukaza chini ya vidole vyako kabla mama hajakunja uso. Hesabu tangu hapo mpaka lilegee. Kila uchungu ni kisanduku kimoja: nukta ukiwa chini ya sekunde 20, mistari ya mshazari ukiwa wa sekunde 20 hadi 40, wino mtupu ukizidi 40. Rudia kila nusu saa. Wengi huziruka dakika hizi, na mimi naziona ndizo zenye faida kuliko zote, maana ndipo unapoona mama anavyopumua, na ndipo naye anapokuzoea.

Hatua ya 3: Moyo wa mtoto

Kila nusu saa, sikiliza mara tu uchungu unapoachia, kwa dakika nzima. Mkono mwingine ushike mshipa wa mama, usije ukahesabu mapigo yake ukidhani ni ya mtoto. Yawe kati ya 110 na 160. Yakiwa nje ya hapo, mlaze kwa ubavu wa kushoto, simamisha dripu ya oksitosini (dawa ya kuongeza uchungu) kama ipo, angalia kama kitovu kimetangulia, na uite msaada.

Hatua ya 4: Njia

Pima kila baada ya saa 4, si kila anapopita mtu na glavu. Andika ufunguzi, rangi ya maji (ya kijani maana yake mtoto amejisaidia tumboni) na mifupa ya kichwa: ikigusana ni +, ikipandana lakini inatengana ukibonyeza ni ++, isipotengana ni +++.

Chukua mfano huu. Saa 2 asubuhi mama amefunguka sentimita 4. Weka X kwenye mstari wa tahadhari, unaopanda sentimita 1 kila saa. Saa 6 mchana unakuta 5. Kwa mstari ule alipaswa kuwa 8, na sentimita 5 alipaswa kuzifikia saa 3 asubuhi. Yuko umbali wa saa 3 kulia kwa mstari wa tahadhari. Mstari wa kuchukua hatua uko umbali wa saa 4 kulia, kwa hiyo imebaki saa moja tu. Ukiwa zahanati, rufaa ilitakiwa iandaliwe pale pale mstari wa tahadhari ulipovukwa, kwa sababu gari na barabara navyo vinakula muda.

Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya mwaka 2020, inayoanzia sentimita 5 na isiyo na mistari hiyo miwili. Tumia iliyopo kituoni kwako.

Hatua ya 5: Mama mwenyewe

Presha na joto kila saa 4, mapigo yake kila nusu saa. Asipokuwa na tatizo, atembee, anywe, akae na ndugu aliyemchagua. Asisukume kabla njia haijafunguka yote.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Zamu ikiisha kabla hajajifungua, mpeleke mwenzako kitandani, someni patografu pamoja mbele ya mama, na mwenzako asikilize moyo wa mtoto kabla hujaondoka.