Namna ya Kukabili Ubaguzi Unapotafuta Nyumba ya Kupanga Arusha

Ubaguzi wa nyumba hauandikwi kwenye kibao cha "Chumba kinapangishwa". Unaanzia kwa dalali, pale getini, kabla hata hujauliza maji hutoka siku gani: "Wewe ni mtu wa wapi?" Ukishajibu, chumba kilichokuwa kitupu jana kinakuwa kimeshapata mtu, au kodi ya miezi mitatu inageuka ya mwaka mzima.

Kufichwa huku ni kwa zamani. Kanuni za ujenzi za Waingereza ziliigawa miji ya Tanganyika kwa viwango vya majengo bila kutaja rangi ya mtu, lakini kila mmoja alijua nani angeweza kujenga kwa kiwango kipi, na ndivyo majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalivyodumu midomoni mwetu. Leo pia ubaguzi hujificha ndani ya masharti, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuyapata masharti hayo kwa maandishi.

Kabla ya kwenda kuangalia nyumba, mtumie dalali ujumbe wa simu ukimuuliza kama chumba bado kipo, kodi ni kiasi gani kwa mwezi, inalipwa ya miezi mingapi na mwenye nyumba anataka nyaraka gani. Usifute majibu yake. Ukikataliwa baada ya kuonekana sura au kutaja jina la ukoo, mwombe rafiki wa asili nyingine aulize maswali yaleyale siku hiyohiyo. Majibu mawili yanayopingana yana uzito kuliko malalamiko ya saa nzima.

Kisha omba kuonana na mwenye nyumba mwenyewe. Hatua hii naisisitiza, kwa sababu madalali wengi hukataa watu kwa kukisia tu. Nilipokuwa natafuta vyumba viwili Ngarenaro, dalali aliniambia mama mwenye nyumba hapangishi watu wa kabila langu. Nilimkuta mama huyo uani akisuuza ndoo, na swali lake pekee lilikuwa kama nina gari, maana geti lake ni jembamba.

Kuombwa kitambulisho na kuandikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa si ubaguzi iwapo kila mpangaji hufanyiwa hivyo. Ubaguzi ni pale Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, Kiarabu au Kisomali anapodaiwa pasipoti ilhali jirani yake aliingia kwa salamu tu.

Ikithibitika umebaguliwa, peleka ujumbe ulioutunza kwa mwenyekiti wa mtaa. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inataja kabila, mahali mtu alipotokea, rangi na dini katika maana ya kubagua, na inazikataza mamlaka kufanya hivyo. Kwa hiyo ofisi ya mtaa haiwezi kukunyima barua ya utambulisho kwa sababu ya asili yako, na ikikunyima, lalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwa mwenye nyumba binafsi, anza na usuluhishi mbele ya mwenyekiti.

Katika kikao hicho usianze kwa kulaumu jamii nzima. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi wa wamiliki wake walikuwa wenye asili ya Asia. Ziko familia ambazo uchungu huo haujawatoka, kama vile zipo familia za Kiafrika zinazokumbuka mitaa ambayo wazee wao waliingia kama watumishi tu. Taja nyumba, tarehe na maneno uliyoambiwa, kisha uliza jambo moja: je, mpangaji aliyetangulia naye alipewa masharti haya?

Ukikubaliwa, dai mkataba wenye kodi, idadi ya miezi na muda wa notisi, usainiwe mbele ya shahidi kabla hujatoa fedha.