Somo: Kutia bushi mpya kwenye Mazda MX-5 iliyokaa Malindi

Kabla hujanunua bushi, yale mabomba mafupi yenye mpira yanayotiwa kwenye maungio ya suspensheni, nunua kopo la mafuta ya kulegeza kutu. Yanyunyize leo kwenye kila bolti ya mikono ya suspensheni, kesho tena, na keshokutwa tena. Gari lililokaa Casuarina au Silversand, huku ufukweni Malindi, kuingiza bushi mpya ndiyo sehemu nyepesi. Jasho lote liko kwenye kutoa bolti. Upepo wa kusi unapeleka chumvi hata chini ya turubai, na ukizoea kupita Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, basi usishangae utakachokikuta huko chini.

Somo hili ni la MX-5 ya kwanza, ile ya taa za kuinuka, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na mikono hiyo inazungukia kwenye bushi. Gari lenyewe halina uzito wa maana, ni kama tani moja tu, na raha yake yote iko kwenye usukani. Bushi zikichoka, raha imekwisha. Dalili ni hizi: linagonga kwenye matuta, linatangatanga ukishika mwendo, tairi zinalika ukingo mmoja. Ili kuhakikisha, chomeka mtaimbo kati ya mkono na fremu, sukuma taratibu. Bushi nzima hujivuta kidogo na kurudi, iliyokufa hucheza ovyo, au utaona mpira umepasuka na kuachana na chuma.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuinua. Liegeshe gari kwenye saruji iliyo sawa, si kwenye mchanga wa uani. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, magurudumu yote manne, uandike. Vipimo hivi ndivyo vitakavyookoa kazi yako mwishoni, kwa hiyo usiseme utavikumbuka. Kisha zitafute bolti za kamu, zile za kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, kwenye mikono ya chini, mbele na nyuma. Zina kisahani chenye mistari. Kwaruza alama kwa tindo panapokutana kisahani na fremu. Usitumie chaki, maana mafuta uliyonyunyiza yataifuta.

Hatua ya 2: Inua, uweke stendi. Matofali ya matumbawe si stendi. Hupasuka bila kuaga.

Hatua ya 3: Toa vilivyo njiani. Kalipa ya breki ifunge kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Fungua linki ya stabilaiza. Shokapu inatoka pamoja na springi yake: bolti moja chini, nati mbili juu. Ile nati ya katikati juu ya shokapu USIIGUSE. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifyatuka inavunja taya. Jointi za mikono zitoe kwa kivutio. Ule uma wa kugongwa kwa nyundo hupasua kofia ya mpira ya jointi, halafu unajikuta na spea nyingine ya kununua.

Hatua ya 4: Bolti. Nati ikifunguka na bolti ikawa ngumu, angalia vizuri. Mara nyingi bolti inazunguka pamoja na bomba la ndani la bushi, mpira ukijinyonga tu, na wewe unadhani inalegea. Hapo bolti imeshikana na bomba kwa kutu. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya bolti ndipo ugonge, ili uzi usifumuke. Nyunyiza, gonga, zungusha mbele na nyuma, pumzika. Ikikataa kabisa, pitisha wembe wa msumeno wa chuma kati ya mkono na fremu ukate bolti pande zote mbili za bushi. Kwa hiyo agiza bolti mpya mapema. Zaidi ya zote ni ile bolti ndefu ya nyuma, inayopita chini ya kishikio cha habu. Gari la pwani likikutolea bolti hiyo bila kuikata, shukuru Mungu.

Hatua ya 5: Kutoa bushi kuukuu. Presi ni bora. Usipokuwa nayo, chukua jiliwa kubwa na soketi mbili: ndogo ipite kwenye tundu na kusukuma, kubwa iipokee bushi upande wa pili. Au nondo ya uzi ya milimita 12 au 14, wosha nene, na bomba. Kaza nati polepole, bushi itatoka yenyewe. Ganda la nje likigoma, toboa mpira kwa drili, toa bomba la kati, halafu kata ganda kwa msumeno kutoka ndani. Kata ganda tu. Ukisikia msumeno umebadilika sauti, simama uangalie, usije ukaukata mkono wa suspensheni wenyewe.

Hatua ya 6: Kuingiza. Safisha tundu kwa msasa hadi ling'ae. Bushi za mpira zitie maji ya sabuni, ziingize zikiwa zimenyooka, ukisukuma ganda la nje na si mpira wa kati. Usipake oili wala grisi ya kawaida, kwa sababu mpira wa asili huvimba kwa mafuta hayo. Bushi za poliyurethani, yaani plastiki inayonepa, zipakwe grisi ya silikoni ndani na nje ya bomba, na usiibanie, hasa gari linaloishi karibu na bahari.

Hatua ya 7: Kukaza. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Bushi ya mpira haitelezi. Imegandishwa kwenye chuma ndani na nje, na gurudumu linapopanda na kushuka ni mpira unaojinyonga. Ukikaza bolti gari likiwa juu, mikono ikining'inia, basi siku gari likishuka mpira tayari umenyongwa, na utabaki hivyo usiku na mchana. Utachanika upesi. Kwa hiyo kwenye stendi funga nati zishike tu. Halafu weka jeki chini ya mkono, inua hadi umbali wa habu na bodi urudi kwenye kile kipimo ulichoandika, ndipo ukaze kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha gari. Bolti za kamu zirudishe kwenye alama zako. Grisi ya shaba paka kwenye shina la bolti, si kwenye uzi, maana uzi wenye grisi hudanganya spana. Nati za magurudumu ni kati ya Nm 88 na 118. Kisha nenda ukafanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine. Alama zako ni za kukufikisha huko tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Watamu: Shekhe, nitie mpira au poliyurethani?

Kwa barabara zetu, mpira. Poliyurethani inanyoosha usukani na inadumu, lakini kila shimo utalisikia kiunoni, na inataka grisi kila baada ya muda. Ukiwa na hamu nayo sana, chukua ile laini. Uliza namba ya ugumu, na 80 ni laini kuliko 95.

Wa Maweni: Kaka, nimeona mafundi wakichoma bushi kwa moto zitoke. Ni salama?

Zinatoka haraka, dada yangu, lakini moshi wake ni sumu, na wa poliyurethani ni mbaya zaidi. Moto huo pia unaunguza jointi na rangi ya mkono, na rangi ikitoka hapa Malindi kutu haikawii. Msumeno unachelewa lakini hauui mtu.

Wa Mokowe: Huku Lamu spea zinachelewa. Naweza kumpa fundi wa kerezo anikerezee bushi za nailoni?

Bomba la chuma la kati akukerezee, mradi umpe kipimo sahihi. Nailoni hapana. Ni ngumu mno, kila kishindo kitaingia kwenye fremu. Agiza bushi zenyewe usubiri. Na ukishazitia, gari libaki huko huko bara. Kisiwani waachie punda, hawana bushi.

Wa Barani: Mimi nina Probox tu. Hili somo linanihusu?

Kanuni ya kukaza kwenye Hatua ya 7 inakuhusu, bwana. Mbele una mkono wa chini peke yake, na ile bushi kubwa ya nyuma ya mkono ina mapengo kwenye mpira. Kabla ya kuitoa, chora mapengo yanaelekea wapi, na mpya ikae vivyo hivyo. Nyingi huuzwa na mkono mzima, na kwa Probox mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kumlipa mtu wa presi.

Wa Mambrui: Nimetia poliyurethani mwezi uliopita, sasa gari linalia kama kitanda cha kamba. Nizitoe?

Usitoe. Grisi imekwisha, au haikutiwa ya kutosha. Fungua bolti moja moja, chomoa bomba la kati, paka silikoni, rudisha. Ukikuta bomba lina kutu, lisugue kwa msasa laini kwanza. Likiwa limeshatoboka-toboka, badilisha, kwa sababu litaitafuna bushi mpya.