Jinsi ya Kuandaa Kongamano la Roboti la Kila Mwaka Mtwara

Watafiti wa roboti duniani hukutana kila mwaka. Mkutano wa ICRA ulianza 1984, wa IROS 1988, na ROSCon, mkutano wa watumiaji wa ROS (programu ya kuendeshea roboti), 2012. Nauli na ada ya kwenda Yokohama au London ni mzigo mkubwa kwa kijana wa Mtwara. Lakini yanayofanyika huko yanawezekana hapa: andiko husomwa na wengine kabla ya kukubaliwa, mashine huwashwa mbele ya watu, na kumbukumbu hubaki ili mwingine airudie kazi hiyo. Mwongozo huu ni wa walimu, mafundi na wanafunzi. Kwa kuanzia, siku mbili na timu kumi zinatosha.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja

Ukitangaza "roboti" tu, kila timu itakuja na lake na hutaweza kuzilinganisha. Mimi ningechagua korosho ghafi: kamera na mkono wa roboti vitenganishe nzima na zilizooza, zilizotobolewa na wadudu au ambazo hazijakomaa. Kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wapo watu wanaozijua kwa kuzitazama na kuzishika. Hao, pamoja na watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, waombe mapema wawe wahakiki. Usiwaweke meza kuu kama wageni wa heshima. Nafasi yao ni kwenye kazi.

Hatua ya 2: Tarehe

Oktoba hadi Desemba ni minada ya korosho, kisha mvua hadi Aprili. Mwanzoni mwa Agosti wataalamu wa kilimo wako Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Katikati ya Julai panafaa.

Hatua ya 3: Wito wa maandiko

Utoe miezi mitano kabla. Omba kurasa 2: tatizo, orodha ya vifaa na bei zake, mchoro wa nyaya, na matokeo yakiwemo yaliyoshindikana. Kila andiko lisomwe na wahakiki wawili wasioonyeshwa majina ya waandishi. Likikataliwa, sababu iandikwe kwa namna ambayo mwanafunzi ataweza kuirekebisha kazi yake. Barua ya "samahani" pekee haimfundishi kitu.

Hatua ya 4: Ukumbi wa maonyesho

Hapa ndipo kongamano linaposimama au kuanguka, kwa hiyo kagua ukumbi mapema ukiwa na fundi umeme. Kila timu ikupe jumla ya wati inazotumia. Pasi ya kulehemu, chaja na kompyuta za timu tatu kwenye ekstensheni moja ni hatari. Jenereta iwashwe siku moja kabla na ibebeshwe mzigo halisi.

Intaneti ya ukumbi usiitumie kuendeshea roboti. Weka ruta yako. Kwenye masafa ya GHz 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, basi zigawe. Timu zinazotumia ROS 2, toleo jipya la ROS, zipewe kila moja ROS_DOMAIN_ID yake (namba inayotenganisha mawasiliano ya roboti), kuanzia 1 hadi 101. Namba ya kawaida ni 0; timu mbili zikibaki nayo kwenye mtandao mmoja, amri ya huyu inaweza kuusogeza mkono wa roboti ya yule, na mtu akaumia. Kwa sababu hiyohiyo, kila mashine yenye mota iwe na swichi nyekundu ya dharura inayokata umeme wa mota moja kwa moja, isiyotegemea programu.

Betri za lithiamu zichajiwe kwenye meza moja yenye msimamizi, pembeni pawe na ndoo ya mchanga mkavu. Seli ya kawaida ya LiPo ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3, na ya kuhifadhiwa iachwe karibu na 3.8. Iliyovimba isichajiwe kabisa. Anayekuja kwa ndege azidishe volti kwa saa-ampea (Ah) apate saa-wati (Wh): betri ya volti 11.1 na Ah 5 ni Wh 55.5, chini ya kikomo cha kawaida cha Wh 100, na ya akiba isafiri kwenye begi la mkononi.

Jua la dirishani hubadilisha rangi ya korosho kila saa. Funga mapazia, tumia taa za aina moja kwa timu zote.

Hatua ya 5: Ratiba

Roboti kwanza, asubuhi. Hotuba baada ya chakula, nazo ziwe fupi. Kila timu isimame karibu na bango lake na ijibu maswali. Mazungumzo hayo ndiyo watu waliyoyafuata, yape muda mrefu kuliko kitu kingine.

Hatua ya 6: Kumbukumbu

Ndani ya wiki moja kusanya programu, michoro na picha zote za korosho zenye lebo za wahakiki. Nakala moja iende maktaba ya chuo, nyingine kwa katibu wa mwaka unaofuata. Picha hizo zitatumika tena, ili timu za mwakani zipimwe kwa kipimo kilekile. Tenga moja ya tano ya picha isionwe na timu yoyote. Katibu azitunze hadi asubuhi ya kongamano la mwakani.